Maua Aliyoomba Kabange

Ninyi mabinti mnaopamba kumbi za harusi hapa Kamina siku hizi, mliniita juzi nije niwaone kazini. Nilikaa kwenye kiti cha plastiki nikawatazama mkipandisha waridi za nailoni ukutani. Zilikuwa nzuri, nasema kweli. Hazinyauki, hazidai maji, wala hazifichi siafu. Halafu mmoja wenu akaniuliza kwa nini sisi wazee tunasema ua jeupe ni la msichana na jekundu ni la mke. Nilimjibu kwa kifupi kwa sababu mlikuwa na haraka na ngazi ilikuwa inayumba. Leo nina nafasi. Vidole vyangu havikubali tena kufunga uzi, lakini mdomo bado mzima, basi nisikilizeni.

Kazi yangu ilikuwa maua, na sikufanya nyingine. Nimefunga ya maharusi, ya altare, ya watoto wa komunyo ya kwanza, ya wafu. Watu waliniita Mama Numbi wa maua, wasije wakanichanganya na Mama Numbi wa mikate anayekaa karibu na gare, pale treni inaposimama. Hata hivyo mara mbili tatu waligonga kwangu alfajiri wakitaka mkate.

Aliyenifundisha aliitwa Mama Albertine. Mume wake alikuwa dereva wa gari la moshi, mtu wa Kasai, na walikaa nyumba ya tatu kutoka kwetu katika kambi ya watu wa reli. Baba yangu alifanya kazi ya kutengeneza mabehewa, mama yangu alilima. Siku moja mama alinituma kwa Mama Albertine nikaombe chumvi. Nilirudi jioni, na chumvi sikuwa nayo. Nilikuwa nimekuta nyuma ya nyumba bustani ambayo sikujua kwamba inaweza kuwepo katika kambi ile ya mawe na makaa: waridi, marguerite, zinia za kila rangi, na pale bomba lilipokuwa likivuja, arumu nyeupe, yale maua yaliyokunjwa kama faneli, zimesimama kama masista kwenye foleni. Bomba lile fundi alikuja kulitengeneza mara nyingi, na kila mara Mama Albertine alimpikia vizuri ili asahau kilichomleta.

Yeye ndiye alikuwa na ufunguo wa sakristia, na alipamba kanisa la parokia kila Jumamosi. Nilianza kwa kuosha vyungu vya maua. Halafu akanipa kisu.

Mambo ya kisu niwaambie, maana hata kama leo mnafanya kazi na nailoni, ipo siku bibi harusi atataka ua lililo hai. Kata asubuhi, umande ukiwa bado juu ya jani. Kata kwa kuinamisha kisu, ili shina linywe maji kwa mdomo mpana. Ondoa kila jani litakalozama ndani ya maji, maana litaoza na kuoza huko kutapanda juu. Waridi livue miiba upande wa mkono tu. Ukilivua lote linachoka haraka. Na frangipani, ule mti unaotoa maziwa ukiuvunja, usimpe bibi harusi kabla hujayamaliza maziwa yake ndani ya maji. Hilo nililijua kwa njia ya bibi harusi mmoja aliyevaa glavu nyeupe. Alipofika mbele ya padri, glavu zilikuwa zimeshikana na maua, na pete ilipotakiwa kuingia kidoleni, glavu haikutaka kutoka. Mume alivuta, msimamizi akavuta. Padri alitazama dari. Mama Albertine, aliyekuwa amekaa karibu yangu, alisema polepole, “Numbi, leo umeunganisha bantu kushinda padri.”

Pamoja na kisu alinifundisha maana. Waridi jekundu, alisema, ni mwanamke anayependwa na anayejua kuchoma. La pinki ni msichana anayejifunza kuchekelea. Marguerite, lile dogo jeupe lenye moyo wa njano, ni mtoto wa kike kabla hajaanza kujitazama kwenye kioo. Ortensia hubadilika rangi kulingana na udongo, basi hilo ni ua la mwanamke aliyeolewa mbali na kwao. Hilo alilipenda kuliko yote, na sikuhitaji kuuliza kwa nini, maana yeye pia aliolewa mbali na kwao. Arumu nyeupe ilikuwa ya Bikira Maria na ya mabikira.

Nilimuuliza siku moja nani aliyapanga haya.

“Bamamasere njo balitufundisha ku shule,” alijibu, akimaanisha masista. “Bale, minyi sijui nani alibafundisha.”

Sasa kutokana na arumu ile kulikuwa na desturi katika parokia yetu. Bibi harusi ambaye hajazaa alibeba arumu nyeupe. Aliyekuwa na mtoto, au mimba, au aliyekwisha kuolewa kabla, alibeba maua ya rangi. Padri hakuwahi kuihubiri, lakini kanisa zima lilijua kuisoma. Bibi harusi alipotokea mlangoni, macho hayakwenda kwenye uso wake, yalikwenda kwenye mikono. Niliwaona wasichana wakiyashika yale maua ya pinki chini kabisa, karibu na magoti, na wengine wakiyafunika kwa shela. Nilifunga nilichoagizwa, kama kila mtu wa kazi.

Hivyo ndivyo mambo yalivyokuwa mpaka Kabange alipofika.

Alikuja na wale waliokimbia vita upande wa Malemba-Nkulu, miaka ile watu wenye silaha walipokuwa wakiingia vijijini. Mume wake, mvuvi wa Lualaba, aliuawa huko. Kabange alifika Kamina kwa miguu na kwa baiskeli za watu, na binti yake mdogo, Mwadi, akiwa mgongoni. Ndugu wa mama yake akampa chumba, naye akaanza kulima mashamba ya watu. Alikuwa mrefu, mwenye sauti ya chini, na ukimsalimu alisimama kwanza, akaweka jembe chini, ndipo akakujibu.

Jembe lile ndilo lilimkutanisha na Ilunga. Ilunga alikuwa mchomeaji wa vyuma, kijana wa familia ya reli kama mimi. Shingo ya jembe ilivunjika, Kabange akampelekea alichomee. Watu walisema jembe lile lilivunjika mara nyingi mno mwaka ule kwa jembe la mwanamke mmoja.

Mama yake Ilunga alikuwa Mama Kisimba. Mfahamuni vizuri, maana hakuwa mbaya. Mume wake alikuwa mtu wa kubadilisha njia za treni, akafariki mapema, akamwacha na watoto wa kiume watupu. Aliwalea kwa shamba lake la pembeni mwa mji, shamba ambalo kila mtu alilijua kwa maboga. Katika kundi la akina mama wa parokia alikaa mstari wa mbele. Mtoto wake aliposema anamuoa mkimbizi mwenye mtoto, hakupiga kelele. Alikubali kama mtu anavyokubali dawa.

Harusi ilipangwa kabla ya Kwaresima, katikati ya mvua. Mama Kisimba alikuja kwangu kuagiza.

“Utamufungia maua ya pinki, na njano kidogo,” alisema. “Nyeupe, hapana. Sitaki bantu baseme tunadanganya Mungu mu nyumba yake.”

Nikasema sawa, Mama.

Baada ya siku chache akaja Ilunga, mikono imejaa alama za moto. “Mama Numbi, minyi napenda abebe arumu. Nyeupe, mingi. Nani atasema kintu, aniambie minyi.”

Nikasema sawa, mwanangu. Alipoondoka nilibaki nimesimama na maagizo mawili yasiyoweza kukaa katika mkono mmoja. Basi nikamwita Kabange mwenyewe, kwa kisingizio cha kupima urefu wake, maana shada la mtu mrefu halifanani na la mtu mfupi.

Alikuja baada ya shamba, Mwadi akitembea sasa, akaingia moja kwa moja kwenye zinia zangu na kuanza kuzinyonyoa. Kabange akamwondoa, akakaa, akasema, “Mama, bananiambia uko na maua ya namna mbili juu yangu.”

“Njo vile.”

“Ya Ilunga na ya mama mukwe.”

“Ndiyo.”

Akampangusa Mwadi udongo mikononi. Kisha akauliza, bila ukali wowote, “Yangu iko wapi?”

Wanangu, miaka yote ile sikuwahi kusikia swali hilo. Waliokuja kuagiza walikuwa mama, shangazi, wakwe, mume. Bibi harusi aliyaona maua yake akiwa tayari amevaa. Nikamwambia, “Sema yako, basi. Unapenda gani?”

“Napenda maua ya boga,” alisema. “Ile ya mwanamuke.”

Nilidhani sikusikia vizuri, nikamwomba arudie. Akarudia, akanieleza kama mtu anayeeleza njia ya kwenda kwao. Kule kijijini mama yake alimfundisha kuchuma mboga ya maboga. Ua lenye shina refu na jembamba ni la kiume. Hilo unachuma, unapika pamoja na majani na karanga. Ua la kike lina shina fupi, na nyuma yake pana kiduara kidogo cha kijani, boga lenyewe likiwa bado changa, limejishika mgongoni.

“Mama yangu alikuwaka anasema: ule usiguse, iko na mutoto,” Kabange alisema. “Nyeupe, minyi naona iko kusema mutoto wangu haiko. Pinki iko kuinama. Bantu bote banamuona Mwadi. Baba yake alikuwa muntu muzuri. Sipendi kumuficha ku siku ya mbele.”

Kwao “ku siku ya mbele” ni siku ya kwanza ya jambo. Nikaelewa. Mwadi alikuwa amerudi kwenye zinia. Safari hii nilimwacha.

Sasa hapa kulikuwa na shida mbili za kazi. Ya kwanza, ua la boga si ua la kufanyia harusi. Linafunguka alfajiri, linashinda wazi saa chache za asubuhi, na kabla ya jua kusimama juu linajikunja na kuwa kama kitambaa kilicholowa. Misa ilikuwa saa nne. Ya pili ilikuwa kubwa zaidi. Ukichuma ua la kike, umechuma boga. Shada la bibi harusi mrefu ni maboga mengi ambayo hayatakuwepo. Na mwenye shamba la maboga ya kutosha, la karibu, alikuwa mmoja tu.

Kwa shida ya kwanza nilikwenda kwa Mama Albertine. Alikuwa mzee sana wakati huo, macho yamefunikwa na ukungu, lakini bado alijua kila ua kwa kuligusa. Nilimweleza yote. Nilikuwa naogopa kidogo, maana desturi ya arumu nyeupe nilipewa na yeye.

“Ya boga,” alisema.

“Ya boga, Mama.”

“Ile ya kupika.”

“Hapana. Ile yenye kuwa na mutoto.”

Alisugua goti lake kwa kiganja. “Minyi nilikufundisha vile banifundisha,” alisema. “Sikuuliza hata bibi harusi mumoja. Mufungie vile anapenda.” Kisha, kabla sijamshukuru, akageuka kuwa fundi tena. Akaniambia nichume kabla ua halijafunguka, likiwa bado limesokotwa. Nilifunge mdomo kwa uzi laini wa pamba, si kwa kukaza. Nililaze ndani ya kikapu chenye majani ya ndizi yaliyoloweshwa, na nifunike pasiingie mwanga. “Linangoja,” alisema. “Linafikiri bado hakujapambazuka. Utafungua uzi ku mulango ya kanisa, haiko mbele ya kufika.”

Sijui alilijua wapi jambo hilo. Nilipomuuliza, aliniambia kwamba mume wake alisafiri sana na yeye alikuwa na muda wa kujaribu mambo.

Kwa shida ya pili nilikwenda shambani kwa Mama Kisimba. Nilimkuta akipalilia. Nilimwambia wazi kwamba bibi harusi hataki ya pinki.

“Anataka nyeupe,” alisema, akaendelea kupalilia.

“Hapana. Hataki nyeupe.”

Jembe likasimama. Nikamweleza ua aliloomba na sababu aliyonipa, neno kwa neno kadiri nilivyokumbuka, pamoja na lile la baba yake Mwadi. Mama Kisimba alisikiliza akitazama mimea yake. Ilikuwa imetanda hadi kwenye mtaro, na maua ya asubuhi ile yalikuwa tayari yamejikunja.

“Yeye mwenyewe alisema vile? Haiko Ilunga?”

“Yeye mwenyewe.”

“Na hakuomba nyeupe.”

“Hakuomba.”

Alipangusa uso kwa ncha ya kitenge. “Unajua unaniomba nini? Kila ua moja iko boga moja. Minyi nililisha batoto na hii shamba.”

“Najua, Mama. Njo maana nilikuja kwako, sikuingia nyuma.”

“Nitaona,” alisema, na akarudi kwenye palizi. Nilirudi nyumbani nikaandaa maua ya pinki pembeni, kwa sababu mtu wa kazi haendi harusini na neno “nitaona” peke yake.

Asubuhi ya harusi nilifika shambani mapema, anga ikiwa ndiyo kwanza inageuka kijivu. Nilibeba kikapu, kisu na uzi. Nilitaka nigonge kwanza kibanda chake cha shambani. Sikuwa na haja. Mama Kisimba alikuwa kati ya maboga, kitenge kimekunjwa hadi magotini, kimelowa umande, na mbele yake kulikuwa na beseni. Ndani yake kulikuwa na maua ya kike yaliyosokotwa, kila moja na kiboga chake nyuma. Alikuwa ameyakata vibaya, mashina mafupi mno, mengine yamechanika.

“Nimeacha moja moja ku kila mumea,” aliniambia. “Tuko na bantu ba kulisha, hata harusi iko.”

“Aksanti, Mama.”

“Usiniambie aksanti. Funga.”

Tukakaa chini sote wawili tukafunga midomo ya maua kwa uzi. Vidole vyake vilikuwa vinene kwa kazi hiyo, lakini alishika upesi. Katikati ya kufunga aliniuliza kama kweli yule mvuvi alikuwa mtu mzuri. Nikasema mimi sikumjua, nilijua tu kile Kabange alichosema. Akatikisa kichwa, akachukua ua jingine.

Kwa sababu mashina yalikuwa mafupi, nilifika nyumbani nikayapandisha moja moja juu ya vijiti vya mianzi nilivyovifunga kwa nyasi, na kati yake nikaweka majani madogo ya boga yenyewe, yale ya nchani. Mabinti, hapo ndipo mtajua kazi. Shada zuri halitokani na maua mazuri tu. Linatokana na kile unachoweka katikati ili maua yasikabane.

Halafu mvua ikaja. Padri alikuwa amekwenda asubuhi kumzika mtu kijiji cha jirani, na pikipiki yake ikakwama kwenye matope. Saa nne ikapita. Watu walijibana chini ya mabati ya parokia, kwaya wakiimba ili kusogeza muda. Mimi nilikaa kwenye sakristia na kikapu changu mapajani, kimefunikwa, kama kuku anayelalia. Mara kwa mara niliingiza mkono nikagusa. Bado yalikuwa baridi, bado magumu. Mvua ilinichelewesha, lakini baridi yake ndiyo iliyoniokoa. Siku ya jua ningekuwa na kikapu cha mboga.

Padri alifika amelowa hadi kiunoni. Kabange akaletwa mlangoni. Alivaa gauni la kuazima, refu la kutosha kwa mwanamke mfupi, hivyo miguu yake ilionekana, na alikuwa ameipaka mafuta vizuri. Nilipiga magoti mbele yake nikaanza kukata uzi, mmoja baada ya mwingine. Nilikuwa nikiomba kimoyomoyo, sitaki kuwaficha. Ua la kwanza halikufanya kitu. La pili lilitikisika kidogo. Kisha yakaanza kuachia, polepole, mikunjo ikijitoa yenyewe, na ile njano ya boga, ambayo mnaijua nyote kutoka jikoni na hamjawahi kuitazama, ikafunguka mikononi mwake. Mengine yalifunguka nusu. Moja lilikataa kabisa. Kabange alilitazama hilo, akasema, “Achana naye, atakuja nyuma,” na akaingia.

Aliyabeba juu, mbele ya kifua.

Macho yakaenda kwenye mikono yake kama kawaida, na safari hii hayakujua kusoma. Nilikuwa nimesimama nyuma karibu na nguzo, nikasikia mnong’ono ukipita kutoka benchi hadi benchi. Mama mmoja wa lile kundi la akina mama wa parokia aliinama kwa mwenzake na kusema, si kwa sauti ndogo sana, “Ile iko maua ao iko mboga?”

Mama Kisimba alikuwa benchi la mbele yao. Alisimama akageuka, na hapo ndipo sote tukaona kwamba alikuwa amembeba Mwadi mgongoni, amefungwa kwa kitenge kipya cha harusi, amelala mdomo wazi.

“Inatoka mu shamba yangu,” alisema.

Akageuka mbele tena, akakaa. Yule mama alifungua kitabu chake cha nyimbo, na sidhani kama ulikuwa ukurasa wenyewe.

Kufikia wakati wa pete maua yalikuwa yameanza kulegea, na kufikia komunyo yalikuwa yamejikunja yote. Ilunga, ambaye hakuwa ameambiwa lolote kuhusu maboga, alilia tangu mlangoni hadi mwisho na hakuona kitu. Katika picha za simu Kabange anaonekana ameshika kitu kama vitambaa vya kufutia vyombo. Ukienda kwake atakuonyesha mwenyewe, na atacheka kabla yako. Mwaka ule Mama Kisimba alivuna maboga machache, na alipoulizwa sokoni aliwaambia mengine yalikwenda kanisani.

Wale wawili hawakupendana kwa siku moja, msije mkadhani. Waligombana juu ya chumvi, juu ya namna ya kumnyoa mtoto, juu ya kila kitu. Lakini Mama Kisimba alipougua miguu, ni Kabange aliyelima shamba lile, na Mwadi alimwita bibi yule kwa jina la kumdekeza ambalo hakuna mjukuu mwingine aliyeruhusiwa kulitumia.

Mama Albertine alifariki baadaye, kwa amani, katika nyumba ileile ya kambi. Aliniachia agizo kwamba nisimwekee arumu hata moja. Alisema amezinywesha vya kutosha. Nilimfungia ortensia. Kila nikishika kisu namshukuru. Namshukuru pia mama yangu aliyeishiwa chumvi, na yule fundi wa bomba, na kila bibi harusi aliyenivumilia nikijifunza mikononi mwake. Wengine mnalalamika kwamba kazi hii haina heshima. Mimi ilinipa watu wengi kiasi kwamba siwezi kutembea hadi gare bila kusimamishwa, na nashukuru kwa kila kusimamishwa, hata na wanaotaka mkate.

Mnaweza kuuliza desturi ya maua meupe iliisha lini. Haikuisha kwa tangazo. Naweza kuwaambia tu ilivyoanza kulegea mkononi mwangu.

Pasaka ilikuwa imepita. Alikuja mama mmoja na binti yake, tumbo la binti limeanza kuonekana. Mama ndiye aliyesema yote, haraka haraka, kama mtu anayetaka kumaliza: harusi ndogo, watu wachache, maua ya pinki, yasiwe mengi, yasiwe makubwa. Binti alisimama nyuma ya bega lake akitazama sakafu. Nilimsikiliza yule mama hadi mwisho kwa heshima. Kisha nikamwomba akae, nikamgeukia binti.

“Weye,” nikamuuliza, “unapenda gani?”

Akamtazama mama yake. Mama yake akanitazama mimi. Sikumharakisha, maana nilikuwa nimejifunza kwamba mtu ambaye hajawahi kuulizwa anahitaji muda wa kutafuta. Nilitandika kitambaa changu mezani, nikakikunja, nikakitandika tena.

“Iko ile nyekundu,” alisema hatimaye, kwa sauti ya kuogopa kukosea. “Inaota ku ngambo ya reli, pale bagari ya zamani inalala. Sijui jina yake.”

“Hata minyi sijui,” nikamwambia. Ilikuwa kweli. “Twende ukanionyeshe.”

Nikachukua kisu na ndoo ya maji, na tukatoka sote watatu.